Mafanikio ya kweli kwa Mkristo: nayafundishaje kwa vijana wavuvi na wachuuzi wa Kigoma?

Mwalimu wa Vijana, Mwanga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi ijayo nina kipindi cha vijana cha dakika 90, na kichwa cha somo ni "Mafanikio ya kweli". Darasani kuna wavuvi wa kipe (chombo cha kuvulia dagaa kwa taa) wa Kibirizi, wachuuzi wa dagaa na mawese, bodaboda, mafundi cherehani na wachache wanaosubiri ajira za ualimu. Sitaki kuwapa hotuba ya kwamba fedha si kitu, halafu wakatoka walivyoingia.

Yanayonisumbua ni haya. Wengi wameshazoea kwamba mwenye nyumba ya bati la rangi na gari amebarikiwa, na aliyefilisika kuna mahali kamkosea Mungu. Wapo wanaofundishwa kupanda "mbegu" ya hela ili ijibu mara mia, na wapo waliochoka na mafundisho hayo mpaka wanasema kanisa linataka tubaki maskini. Mistari wanayoishika sana ni Yeremia 29:11, 3 Yohana 1:2, Malaki 3:10 na Wafilipi 4:13.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie: nianzie andiko gani, kipimo cha mafanikio ni kipi hasa, na nitawapa kazi gani ya kufanya siku ya Jumatatu wakiwa mwaloni (vyombo vya uvuvi vinapotia nanga) au sokoni?

---

Mwinjilisti Kasulu

Amina, mwalimu. Mwakeye.

Anza na Mathayo 25:14-30, lakini fanya hesabu kwanza kabla ya mahubiri. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima (Mathayo 20:2), na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Waambie vijana wachukue ujira wa kibarua wa hapo kwenu. Kama ni shilingi 8,000 kwa siku, talanta moja ni milioni 48, na talanta tano ni milioni 240. Kibarua wa siku 300 kwa mwaka angefanya kazi miaka 20 ndipo afikishe talanta moja. Kijana akishaiona hesabu hiyo anaacha kumwonea huruma yule mtumwa wa tatu kana kwamba alipewa sarafu ya kununulia vitumbua. Hata aliyepewa kidogo alikabidhiwa mali nzito.

Sasa wasomeshe mstari wa 21 na wa 23 kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Aliyeleta faida ya talanta tano na aliyeleta mbili walipewa sifa ileile, maneno yaleyale. Bwana hakusifu kiasi, alisifu uaminifu kwa kile ambacho kila mmoja alikabidhiwa. Hapo ndipo kipimo chako kilipo: mali ina mwenyewe, wewe ni wakili, na siku ya hesabu ipo. Paulo anasema hivyohivyo katika 1 Wakorintho 4:2.

Usiishie hapo, maana wakimaliza na Mathayo peke yake watasema bidii haina maana. Wapeleke Luka 19:11-27. Pale watumwa kumi wanapewa sawa, fungu moja moja, na fungu moja ni kama dinari 100, yaani fedha ndogo sana ukilinganisha na talanta. Mmoja anazalisha kumi, mwingine matano, na safari hii thawabu hazilingani: miji kumi kwa mmoja, miji mitano kwa mwingine. Ukiyaweka mawili pamoja unapata fundisho kamili. Waliopewa tofauti na wote wakawa waaminifu wanasifiwa sawa. Waliopewa sawa wanapimwa kwa walivyojituma. Mvuvi asiye na chombo hapimwi kwa mizani ya tajiri wake mwenye vipe vinne, lakini anapimwa kwa kulinganishwa na baharia mwenzake aliyepata mgawo uleule wa mapato ya uvuvi.

Jambo la tatu katika hadithi hizo, na ndilo linalosahaulika: yule aliyezika talanta hakuiba wala hakupoteza hata senti. Hasara yake ilikuwa woga na kumwona bwana wake kuwa mtu mgumu. Mtazamo wake juu ya bwana ndio uliomkalisha. Kwa hiyo wanaosema Mkristo asihangaike na kazi, hadithi hii inawakatalia waziwazi.

Halafu Luka 12:13-21. Vijana wengi hudhani yule tajiri aliitwa mpumbavu kwa kuwa alijenga ghala. Soma polepole uone: ni "mavuno yangu", "ghala zangu", "nafsi yangu". Hakuna jirani, hakuna Mungu, hakuna kesho isipokuwa yake mwenyewe. Ukiruka mahali hapo, mtu atakuuliza: mbona Yusufu naye alijenga maghala? Swali zuri, na jibu lake ni Mwanzo 41. Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na njaa ilipofika akafungua ghala watu wakapata chakula. Ghala lilelile, nia tofauti.

---

Mhazini wa VICOBA, Ujiji

Shikamoo mwinjilisti, na pole na maandalizi, mwalimu. Mimi niongeze upande wa daftari, maana uwakili usiofika kwenye daftari unabaki wimbo.

Mchuuzi akifundishwa kutoa fungu la kumi bila kufundishwa hesabu, mtaji wake unakufa taratibu na hajui kwa nini. Chukua mfano: kanunua dagaa wakavu kwa shilingi 600,000, usafiri na ushuru 80,000, kauza 760,000. Faida yake ni 80,000, na fungu la kumi ni 8,000. Akitoa asilimia kumi ya mauzo anatoa 76,000 na kubakiwa na 4,000 za kula, kulipa kodi ya chumba na ada za watoto. Safari ya tatu ataingia kwenye mtaji, safari ya sita atakopa, kisha atasema Mungu hakujibu. Kumbukumbu la Torati 14:22 lilihusu mazao ya shamba ya mwaka, yaani kilichoongezeka. Wafundishe kuandika safu nne kila safari: kununulia, gharama, mauzo, faida. Bila safu ya gharama, faida ni ya kubuni.

Akiba nayo. Tangu 2024 Ziwa Tanganyika limekuwa likifungwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Baharia ana miezi tisa ya kipato na kumi na miwili ya kula. Akiweka sehemu ya tano kama Yusufu haimtoshi: miezi tisa mara asilimia 20 ni sawa na kipato cha mwezi mmoja na siku 24, wakati matumizi aliyozoea ya miezi mitatu yanadai zaidi ya miezi miwili na siku kumi. Anahitaji robo. Anayeweka robo kila mgawo, akaishi kwa robo tatu, analingana mwaka mzima bila kukopa. Kuna kosa moja hapa: watu huweka akiba inayobaki mwisho wa mwezi, na haibaki. Ikatwe siku ya mgawo, kabla ya kuvuka lango la mwalo, na ishikwe na mhazini wa kikundi au iingie kwenye simu yenye namba ya siri asiyoijua rafiki. Na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, kipe kinapumzika; siku hizo ndizo hela za giza lililopita (siku zisizo na mbalamwezi) huisha, kwa hiyo mpango uwepo kabla hazijafika.

Sasa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku. Mfano mwingine: mtu kachukua 300,000, anarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Anaona riba ni asilimia 30, lakini kwa kuwa anaanza kurudisha kesho yake, kwa wastani anakaa na nusu tu ya hela hiyo mkononi. Gharama halisi inakaribia mara mbili ya aliyotajiwa. Hakuna biashara ya dagaa ya rejareja inayobeba mzigo huo. Mithali 22:7 inasema mkopaji ni mtumwa wa mkopeshaji, na utumwa wake unaonekana: anayedaiwa kila siku hapumziki hata Jumapili, anauza dagaa kabla hawajakauka vizuri ili apate 13,000 ya leo, wanaoza njiani, anakopa tena. Kijana mwenye nguo nzuri zilizotokana na mkopo wa namna hiyo msimwite aliyefanikiwa. Mwiteni, mkae naye, mhesabu pamoja.

---

Mwinjilisti Kasulu

Dada mhazini, hesabu imenyooka. Niweke angalizo moja tu. Kwa mwenye mshahara au mgawo wa baharia, hakuna mtaji wa kutoa. Kile anachopokea ndicho ongezeko lake. Asije akajifunza kukata nauli, vocha na chai halafu akaita kinachobaki "faida". Na kwa wote, 2 Wakorintho 9:7 haibadiliki: kila mtu kama alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa. Orodha ya wasiotoa inayosomwa mbele ya watu inavunja andiko hilo moja kwa moja.

---

Mkulima wa Urambo

Mwangaluka, ndugu zangu wa ziwani. Nawasoma kutoka Tabora.

Mmeongea fedha inavyotunzwa. Mimi nisisitize inavyopatikana, kwa sababu Biblia inatumia nguvu nyingi sana hapo kuliko watu wanavyodhani. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo: kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Hilo halijaisha. Kwenu ni dumu la lita 20 lililopanuliwa kwa maji ya moto la kununulia mawese kijijini, na jingine lililobonyea la kuuzia mjini. Ni dagaa waliokaushwa mchangani kwa makusudi ili mchanga uongeze uzito. Kwa wanunuzi wa mazao ni lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu, wakati sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kwetu kwenye tumbaku ni majani ya daraja la chini yaliyofichwa katikati ya robota (furushi la tumbaku), au kuloweshwa kidogo kabla ya mizani. Kijana aliyenunua kiwanja kwa hela ya dumu lililopanuliwa ana kiwanja, lakini mbele za Mungu ana madeni kwa kila mama aliyemkamulia mawese.

Wizi mwingine unaotuumiza huku ni wa kupitisha tumbaku kwa jina la mwenzako ili makato ya mbolea na pembejeo yasikukute. Deni halifi. Linabaki kwenye chama cha msingi, na waaminifu wanakatwa kufidia. Aliyefanya hivyo mwezi wa mauzo anaonekana tajiri kuliko jirani yake aliyelipa. Ukiwa mwalimu, taja jambo kama hilo kwa jina lake. Ukisema tu "tuwe waaminifu", kila mtu ataitikia amina na hakuna atakayeguswa.

Upande wa waajiri: Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na Bwana anausikia. Kuna tajiri wa kipe anayeongeza lita za petroli hewa kabla ya mgawo. Dawa yake ni nyepesi: risiti ya mafuta na ya chakula iwekwe wazi mbele ya mabaharia wawili kabla ya kugawa. Kiwango cha mgawo kinatofautiana mwalo na mwalo, wala siyo shida. Shida ni gharama asizoziona anayekatwa.

Aliyekwisha kudhulumu afanye nini? Hapa Maandiko yanatoa hatua kabisa. Walawi 6:1-5: rudisha kitu chenyewe, ongeza sehemu ya tano, mpe mwenyewe. Ukimpunja mtu 50,000, unampelekea 60,000. Hesabu 5:8 inaangalia hata kama aliyedhulumiwa amefariki na hana ndugu wa karibu: fidia inakwenda kwa kuhani. Zakayo alipita kiwango hicho, akarudisha mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini (Luka 19:8). Nadhani ile nusu inawasaidia wengi, maana mtoza ushuru hawezi kuwakumbuka wote aliowapunja, kama mchuuzi asivyowakumbuka wateja wa miaka mitatu. Unaowajua uwalipe kwa majina. Usiowajua, wape maskini wa eneo lilelile. Yesu alisema wokovu umefika nyumbani mwake siku ileile Zakayo alipotangaza kupungukiwa. Kwa macho ya Yeriko alikuwa anafilisika.

Na kwa wanaotaka matokeo ya haraka katika huduma, wakumbusheni historia ya hapa Urambo. Wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo mwaka 1879, na mwaka 1898 kikakabidhiwa kwa Wamoravian. Walioanza sio waliovuna. 1 Wakorintho 3:6-8 ilishasema hivyo: mmoja anapanda, mwingine anatia maji, na kila mmoja atapata thawabu kwa taabu yake mwenyewe.

---

Mwalimu wa Vijana, Mwanga

Mungu awabariki sana. Nimenakili yote. Bado sijapata jibu la ile mistari minne. Na hili la pili: dhoruba ikipiga ziwa, chombo na nyavu vikapotea, kijana akarudi sifuri. Wenzake watamwambia atubu. Nisemeje?

---

Katekista, Tabora Mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa.

Mistari yote minne ni mizuri ikisomwa na majirani zake.

Yeremia 29:11 iliandikwa kwa watu walio uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unasema watakaa huko miaka 70. Kijana wa miaka 20 aliyeisikia barua ile siku hiyo angekuwa na miaka 90 kabla ya kurudi. Wengi wao walifia ugenini, na bado ahadi ilikuwa yao kama taifa. Walichoambiwa wafanye kipo mstari wa 5 hadi 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji ule. Ni kazi ya kila siku mahali ambapo hukuchagua kuwa. Mwalimu anayetafuta ajira na kwa sasa anauza vocha angefaidika na mistari hiyo mitatu kuliko ile moja ya kwenye fulana.

3 Yohana 1:2 ni salamu ya barua kwa Gayo, kumtakia heri na afya, kama tunavyoanza barua zetu. Anachofurahia Yohana kinafuata: kwamba Gayo anaenda katika kweli, na anawapokea wahubiri wageni na kuwasafirisha. Malaki 3:10 lilikuwa neno kwa taifa lililo chini ya Torati, na ghala ni la chakula cha nyumba ya Mungu. Tena mistari mitano tu juu yake, 3:5, Mungu anawashtaki wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, mjane na yatima. Anayesoma wa 10 asiruke wa 5. Ndugu yangu wa Urambo ameshaugusa. Wafilipi 4:13 iliandikwa na mfungwa. Mistari ya 11 na 12 inasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" anayoyaweza ni hayo, pamoja na njaa.

Sasa aliyepotelewa. Usimwache mtu yeyote amwambie atubu kwa sababu ya dhoruba. Luka 13:4: watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yesu akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Yohana 9:3: wala huyu kipofu wala wazazi wake hawakutenda dhambi ili azaliwe hivyo. Rafiki za Ayubu walifanya kosa hilohilo kwa sura nyingi, na mwisho Mungu akawakemea wao (Ayubu 42:7). Ukitaka andiko moja la kumaliza ubishi, Waebrania 11. Kuanzia mstari wa 33 kwa imani wengine walishinda milki za wafalme, wakafunga vinywa vya simba. Katikati ya mstari wa 35 panageuka: wengine waliteswa, wakapigwa mawe, wakakatwa kwa misumeno. Imani moja, matokeo mawili, na mstari wa 39 unasema wote walishuhudiwa kwa imani yao. Kwa andiko hilo huwezi tena kupima imani ya mtu kwa hali ya nyavu zake.

Lakini utofautishe dhoruba na uzembe. Aliyekwenda ziwani upepo ukiwa umeshatangazwa, bila jaketi la kuokolea na kwa mashua iliyotoboka, anahitaji kuonywa, na onyo hilo ni upendo. Pia mpeni mkono. Wagalatia 6:2 ni kazi ya kikundi: ndani ya juma la kwanza chakula cha nyumbani kwake; ndani ya mwezi, mkopo usio na riba kutoka mfuko wa jamii wa kikundi. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba ndugu maskini.

---

Mhazini wa VICOBA, Ujiji

Katekista, hapo kwenye mkopo usio na riba weka mipaka, la sivyo mfuko utaisha kwa mtu wa pili na wa tatu atakosa. Kiasi kisizidi robo ya mfuko, mdhamini mmoja, marejesho yaanze baada ya mwezi wa kwanza wa kurudi ziwani, na iandikwe kwenye daftari kama mkopo. Kama hawezi kurudisha kabisa, basi ni sadaka, itolewe kama sadaka tangu mwanzo. Tukichanganya mawili hayo, aliyepokea anaanza kuwakwepa ibadani kwa aibu, na tumempoteza mtu kwa ajili ya shilingi laki moja.

---

Mwinjilisti Kasulu

Kuhusu dakika 90, mwalimu. Usigawe sawasawa. Mathayo 25 na Luka 19 pamoja na hesabu ya talanta zipewe dakika 35, zinabeba somo zima. Mistari minne inayopotoshwa, dakika 20: wape makundi manne, kila kundi lisome sura nzima na lijibu maswali mawili tu, nani aliandikiwa na majirani wa mstari wanasema nini. Waebrania 11, dakika 10, isomwe na msomaji mzuri bila maelezo mengi. Zinabaki 25. Kila kijana awe na karatasi na kalamu, aandike peke yake bila kumwonyesha mtu: nimekabidhiwa nini (chombo, ufundi, mtaji, mdogo wangu ninayemsomesha, mke), nani ananidai na kiasi gani, nani nimempunja, na mtu mmoja nitakayemwendea kabla ya Jumapili. Usizikusanye karatasi hizo wala usiwaombe washuhudie siku hiyo. Ukizikusanya wataandika ya kukufurahisha wewe.

Mwezi unaofuata uliza jambo moja: kati ya waliopangwa kuendewa, wangapi wameendewa? Wasitaje majina, wanyooshe mikono tu. Ikiwa mikono ni michache, rudi Luka 19:8 kabla ya kwenda somo lingine.